Kumlisha na kumtembeza mgeni Moshi: yaliyostahili nauli na yasiyostahili

Moshi inajulikana kwa mlima kuliko kwa chakula, na mgeni anayeshuka stendi mara nyingi huulizwa kama amekuja kupanda Kibo kabla hajaulizwa kama amekula. Maoni yangu, baada ya kumpokea wifi yangu na mwanawe katika likizo ya mwezi wa saba na kuzunguka nao mjini na pembezoni mwa mji, ni kwamba Moshi humlisha mgeni vizuri sana pale inapompikia kile inachokula yenyewe, na humwangusha pale inapojaribu kukisia anachokipenda. Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya wenyeji wenzangu wanaotarajia ndugu kutoka mikoa mingine na wana bajeti ya kawaida, kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana kuhusu mji huu yameandikiwa watalii wanaolipa kwa dola na wanaolala usiku mmoja kabla ya kuelekea getini Marangu au Machame.

Wifi amezaliwa na kukulia Tanga, na huko ndiko anakoishi na kaka yangu. Kila Desemba huja Kilimanjaro pamoja na familia, lakini wakifika Himo hukunja kulia kuelekea Marangu na kupitiliza hadi nyumbani Rombo, kwa hiyo mji wa Moshi, ulio mbele kidogo tu ya njia panda ile, alikuwa hajawahi kuuona kwa macho yake. Asidhaniwe kuwa ni mgeni wa ndizi. Alipojifungua mtoto huyu alilelewa na mama yetu kwa mtori wa kila asubuhi, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na tangu hapo hadanganyiki. Jambo jingine la kulifahamu mapema ni kwamba wifi ni Mwislamu anayezingatia dini yake, na hilo liliamua mambo mengi kuhusu mahali pa kula, kama nitakavyoeleza.

Tulianzia kwa mama lishe mmoja aliye upande wa nyuma wa soko la Mbuyuni, ambaye hana kibao wala jina la mgahawa. Ana mabenchi, meza iliyofunikwa kwa mpira wenye maua, na sufuria kubwa inayokaa jikoni tangu kabla ya jua kuchomoza. Mjini kwetu mtori ni kifungua kinywa, na anayeutafuta saa saba mchana atapata mabaki yaliyoongezwa maji. Tulifika mapema, wachuuzi wakiwa bado wanapanga nyanya na karoti kwa mafungu, na tayari madereva wa bajaji na akina mama wa sokoni walikuwa wamejaza mabenchi. Hiyo yenyewe ni dalili nzuri, kwa maana watu wanaofanya kazi ya nguvu kuanzia alfajiri hawarudi mahali palipowanyima nguvu jana yake.

Mpishi anayejua kazi yake hutumia ndizi mshare zikiwa mbichi, zile ndefu na nyembamba, kwa sababu zikichemshwa hulainika kabisa na kupondeka bila kuacha madonge. Humenywa na kutumbukizwa kwenye maji ili zisiwe nyeusi, kisha huchemshwa pamoja na nyama ya ng'ombe yenye mifupa, na hazitolewi jikoni mpaka utamu wa mifupa uwe umeingia ndani ya ndizi. Nyama huopolewa, ndizi hupondwa kwa mwiko, halafu nyama hurudishwa pamoja na kitunguu, karoti na maziwa au siagi, na sufuria huachwa kwenye moto mdogo. Mama huyu anafanya haya yote mbele ya wateja. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu usiotoka hata kwa sabuni, ijapokuwa alikuwa amejipaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kushika kisu, na alikuwa anamenya ndizi za sufuria ya pili bila kuziangalia huku akihesabu chenji za mteja.

Bakuli lililofika mbele yetu lilikuwa limejaa hadi ukingoni, rangi yake ikiwa ya maziwa yaliyochanganyika na moshi kidogo, na juu hapakuwa na chochote cha kupamba. Wahenga wetu wa mtaani husema kula mtori, nyama ziko chini, na katika bakuli hili maneno hayo yalikuwa kweli: kipande cha mbavu na kipande cha mfupa wenye uboho vilikuwa vimelala chini kabisa, na nyama iliachia mfupa kwa kuguswa na kijiko tu. Uzito wake ulikuwa pale unapotakiwa kuwa, yaani ulimiminika kutoka kwenye upawa taratibu bila kukatika na bila kudondoka kwa mabonge. Wifi alikula nusu ya bakuli bila kusema neno, kisha akanigeukia.

"Wifi, huu umepikwa na mtu aliyelea wazazi."

Mama lishe alisikia, akacheka. "Mama, nimezaa sita, na wote niliwanyonyesha kwa mtori huu huu."

Sina sifa kubwa zaidi ya hiyo ya kumpa mpishi wa mtori. Pamoja na mtori anauza chapati na chai ya maziwa, na bei ya vyote kwa watu watatu ilikuwa ndogo kiasi kwamba wifi aliirudia kuuliza akidhani amesikia vibaya. Upungufu wake ni wa mahali tu: mabenchi hayana pa kuegemea, na mwenye mgeni mzee au mwenye mgongo unaouma ni afadhali aende na chombo chake, kwa kuwa mama huyo humjazia yeyote anayetaka kwenda kula nyumbani.

Nautaja hapa mtori wa pili tuliokula ili msomaji aone tofauti. Jamaa mmoja wa familia alitukaribisha chakula cha mchana katika hoteli ya mjini ambayo sitaitaja, yenye bustani nzuri na wahudumu wenye sare. Mtori uliletwa katika bakuli jeupe la udongo, ukiwa na jani la giligilani juu yake, na ulikuwa umekazwa kwa unga. Mtu aliyezoea mtori huutambua unga mara moja, kwa sababu huacha utando kwenye ulimi na hugandamana kingoni mwa bakuli unapoanza kupoa. Nyama ilikuwa steki safi isiyo na mfupa hata mmoja, jambo ambalo mwenye hoteli bila shaka alidhani ni heshima kwa mgeni, kumbe ndilo lililoua chakula, maana bila mfupa mtori hauna uti wa mgongo. Bei ya bakuli moja ingetulisha sote Mbuyuni na chenji ikabaki. Ninachosikitikia si fedha, kwa kuwa aliyetualika alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Ninachosikitikia ni kwamba wageni wengi huonja mtori kwa mara ya kwanza katika sehemu za namna hiyo, kisha huondoka wakiamini kwamba chakula cha Wachaga ni uji wa ndizi.

Nije sasa kwenye suala la halali, ambalo wenyeji wengi wa Moshi hatulifikirii mpaka tupate mgeni wa namna hii. Nyama choma ni jambo kubwa mkoani Kilimanjaro, na mbuzi wetu wana sifa, lakini sehemu nyingi za kuchomea nyama zina kiti moto pembeni, na wakati mwingine kisu, ubao wa kukatia na hata jiko ni vilevile. Kumwambia mgeni Mwislamu achague mbuzi tu katika sehemu kama hiyo hakutoshi. Nilijizoesha kumuuliza mchomaji waziwazi kabla ya kukaa: mnyama amechinjwa na nani, na je, jiko hili linachoma nini kingine. Hakuna aliyekasirika kwa kuulizwa. Mmoja alitujibu kwa uaminifu kwamba jiko lake si la kumfaa mgeni wangu, na akatuelekeza kwa jirani yake, na kwa uungwana huo ningemrudishia wateja wengine wote nilio nao.

Maeneo yaliyo karibu na Msikiti wa Riadha ndiyo yaliyotuhudumia vizuri zaidi jioni. Kuna migahawa midogo inayoendeshwa na Waislamu, yenye mishikaki, pilau, chapati na supu, na hakuna haja ya kuuliza maswali. Mishikaki ya mtaa huo hukatwa vipande vidogo na kuchomwa kwa mkaa usio na miali, hivyo haiungui nje ikabaki mbichi ndani. Mtoto aliipenda kuliko kitu kingine chochote mjini, isipokuwa chipsi mayai, ambazo angezila mahali popote. Kuhusu pilau nitasema ukweli: ni nzuri, lakini mtu wa Tanga hapelekwi Moshi kula pilau. Wifi aliisifu kwa adabu, akaiacha robo sahani. Hivyo hivyo kwa samaki. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliokaangwa vizuri, wakaletwa na ugali na mboga za majani, ni mlo ambao mimi huufurahia, ila mtu aliyelelewa kando ya Bahari ya Hindi anaponyamaza mbele ya samaki wa maji baridi, mwenyeji na aelewe na asiagize tena.

Kwa upande wa kahawa, mji unajitosheleza. Moshi ndiko yaliko makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania, na ndiko iliko KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 kuchukua nafasi ya kile cha KNPA cha mwaka 1925, na ambacho ni miongoni mwa vyama vya ushirika vya wakulima vya zamani zaidi barani Afrika. Union Café, mgahawa unaohusishwa na ushirika huo, ni mahali pazuri pa kumkalisha mgeni mchana jua linapokuwa kali, na kahawa yake ni ya mkoa wenyewe. Wifi amezoea kahawa ya dele, nyeusi na yenye tangawizi, inayonywewa kwa kikombe kidogo na kashata pembeni, kwa hiyo mwanzoni uchachu wa arabika ulimshangaza na akauliza kama maziwa yameharibika, ilhali kikombe chake hakikuwa na maziwa. Alipofikia nusu ya kikombe alikuwa ameuelewa. Siandiki zaidi kuhusu hapo, kwa sababu kahawa niliyotaka aionje ilikuwa juu mlimani.

Matembezi ya Materuni ndiyo huduma ninayoipendekeza kwa nguvu zote, na kama mgeni wako ana siku moja tu, mpeleke huko. Kijiji kiko Uru, takribani kilomita 15 kutoka mjini, na barabara hupanda muda wote, kiasi kwamba joto la Moshi linaachwa nyuma na mtu anahitaji sweta hasa mwezi wa saba. Vijana wa kijiji ndio wanaoongoza wageni. Tulilipa ada, Watanzania wakilipa pungufu ya wageni wa nje, na kijana aliyetuongoza alianza kwa kumuuliza mtoto darasa analosoma kabla ya kutuambia chochote kuhusu njia. Nilimpenda kuanzia hapo.

Njia inapita katikati ya vihamba, yale mashamba yetu yanayozunguka nyumba, na hapa ndipo kiongozi mzuri anapojitofautisha na anayetembeza watu tu. Kijana wetu alituonyesha jinsi kihamba kilivyopangwa kwa ghorofa: juu kabisa miti mirefu kama mruka na mringaringa inayotoa kivuli na mbao, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na karibu na ardhi magimbi, maharage na majani ya ng'ombe, yote yakinyweshwa na mifongo, ile mifereji ambayo babu zetu waliichimba kushusha maji ya mito ya mlimani hadi kwenye kila boma. Alitaja kwamba kihamba cha Shimbwe Juu, ambayo nayo iko huko huko Uru, kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Wifi, ambaye kila Desemba hulala kwenye nyumba iliyozungukwa na kihamba cha aina hiyo, alikiri kuwa hakuwahi kuambiwa kwa nini migomba na mibuni imechanganywa. Nadhani nasi wenye vihamba tunadaiwa maelezo hayo na wakwe zetu.

Maporomoko yenyewe yana kimo cha takribani mita 80, na yanasikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Sehemu ya mwisho ya njia ni nyembamba na huteleza kunapokuwa na unyevu, kwa hiyo viatu vya wazi havifai na mtoto lazima ashikwe mkono. Ukifika chini, upepo unaosukumwa na maji unalowesha nguo hata ukisimama mbali, na maji ya bwawa ni baridi mno. Mtoto wa wifi, aliyezoea maji ya bahari ya Raskazone kwao Tanga, aliingiza miguu, akapiga ukelele, akatoka, kisha akarudi, na mchezo huo ukaendelea mpaka tulipomlazimisha kuvaa viatu. "Shangazi, kwa nini nyumbani Rombo hamnipeleki?" aliniuliza, na swali hilo nimelipeleka kwa kaka yangu kama lilivyo.

Baada ya kupanda tena tulikaribishwa katika nyumba moja ya familia kwa ajili ya kahawa, na hapo tulikaa kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Mwezi wa saba mibuni ilikuwa na matunda mekundu, hivyo tulianza kwa kuyachuma wenyewe, tukafundishwa kuacha yaliyo na rangi ya njano. Matunda hupitishwa kwenye mashine ndogo ya mkono ya kumenyea, ambayo hutema ganda upande mmoja na punje zinazoteleza upande mwingine. Punje hizo hulowekwa ili utelezi utoke, huoshwa na kuanikwa kichanjani kwa siku nyingi, na kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kusubiri siku hizo zote, wenyeji huwa na punje zilizokwisha kukauka, zikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba na gumu. Hizo ndizo zinazotiwa kinuni.

Kwenye kinu ndipo wifi alipobadilika kutoka mgeni akawa mwenyeji. Vijana walikuwa wanatwanga kwa nyimbo na makofi, kwa namna inayowafurahisha watalii, na punje kadhaa zilikuwa zinaruka nje. Wifi alikaza mtandio wake, akaomba mchi, akatwanga kwa mapigo mafupi yasiyo na kelele, akiachia mchi uteremke kwa uzito wake wenyewe, kama anavyotwanga mchele na viungo kwao. Maganda yalipopepetwa kwenye ungo, punje zake zilikuwa nzima karibu zote. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kando bila kusema kitu, alinyanyuka akaja kuziangalia kiganjani, akamwambia, "Karibu tena, mwanangu, usije na watalii." Kuanzia hapo huduma ikawa ya nyumbani. Bibi mwenyewe alishika kazi ya kukaanga, punje zikiwa kwenye chungu juu ya kuni, na alizigeuza bila kupumzika kutoka kijani cha kijivu hadi rangi ya mdalasini, kisha zikaanza kupasuka kwa mlio mwembamba, na akaziondoa motoni kabla hazijawa nyeusi. Alieleza kwamba watu wengi huziunguza wakidhani weusi ndio ukali. Zilitwangwa tena zikiwa za moto, zikachemshwa, zikachujwa, zikamiminwa. Kahawa ile haikuwa na uchachu uliomshangaza wifi mjini. Ilikuwa laini, yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva, na yeye anayeweka sukari katika kila kitu aliinywa kavu.

Chakula cha mchana kilikuwa machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama zikaachwa na mchuzi wake, pamoja na parachichi kutoka mti uliokuwa juu ya vichwa vyetu. Kabla ya safari nilikuwa nimempigia kiongozi simu kumweleza kwamba tuna mgeni Mwislamu, na alihakikisha nyama imenunuliwa bucha linalofaa na kwamba mbege haitaletwa mezani. Nawashauri wengine wafanye hivyo. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni sehemu ya ukarimu wa Kichaga, na mwenyeji wa mlimani anayeileta katika kata hana nia mbaya hata kidogo, lakini ni vizuri zaidi mgeni asiwekwe katika hali ya kukataa mkono ulionyooshwa.

Chemka nako tulikwenda, na ni kuzuri, ila sitakuweka juu sana. Chemchemi hizo, ambazo wengine huziita Kikuletwa, ziko wilayani Hai, na mwenye usafiri wa umma hupanda daladala hadi Boma Ng'ombe kisha huchukua bajaji au bodaboda katika barabara yenye vumbi jingi. Katikati ya nyika kavu unakuta maji maangavu ya rangi ya samawati, yenye uvuguvugu wa kupendeza, yakiwa yamezungukwa na miti mikubwa yenye mizizi iliyoning'inia hadi majini. Wifi alikaa ukingoni na dera lake, akatumbukiza miguu, na samaki wadogo wakaja kumdonoa nyayo, jambo lililomfurahisha kuliko nilivyotarajia. Mwenye watoto afahamu kwamba bwawa lina kina, na kamba ya kurukia majini ni ya wanaojua kuogelea tu. Mapumziko ya mwisho wa juma huleta watu wengi na muziki mwingi, kwa hiyo siku ya kazi asubuhi ndiyo inayofaa familia, na ni nafuu kubeba chakula kutoka nyumbani. Sisi tulibeba kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, ambacho hakiharibiki haraka na hakihitaji kupashwa.

Mengine yalikuwa madogo lakini hayakutugharimu karibu chochote. Msitu wa Rau, ulio pembezoni mwa mji, unafaa kwa matembezi ya asubuhi chini ya kivuli, na mtoto aliwaona mbega huko. Stesheni ya reli tuliipitia kwa sababu ya Tanga: reli iliyoanza kujengwa kutoka mji huo mwaka 1893 ndiyo iliyofika Moshi mwaka 1911, na nilitaka mtoto asimame kwenye njia inayoanzia karibu na nyumba yao. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejeshwa Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya kimya, na mwenye nafasi ya kumpandisha mtoto asisite.

Kuhusu mlima, ambao kila mgeni huulizia, Kibo huonekana zaidi alfajiri na jioni, na mwezi wa saba mawingu huweza kuufunika kutwa nzima. Mwenyeji asimwahidi mgeni mlima. Wale wanaokuja stendi wakiuza vifurushi vya siku moja kwa kuahidi kilele kitaonekana wanauza kitu kisicho chao, na nimeona familia ikilipa gari la siku nzima kwa ahadi ya namna hiyo na kurudi bila kuona hata mteremko. Ni bora kupanga siku kwa ajili ya chakula na maji, na mlima ukijitokeza iwe ni nyongeza.

Kwa zawadi za kurudi nazo, soko la Mbuyuni linatosha. Mshare zinunuliwe jioni ya kuamkia safari, zikiwa ngumu na kijani kabisa, na zifungwe kwa majani makavu ya mgomba ndani ya kiroba ili zisichubuke kwenye buti la basi. Muuzaji akiombwa vizuri hukata vichane vya juu ya mkungu, ambavyo ndizi zake ni nene zaidi. Kahawa na inunuliwe kwa familia iliyokukaribisha Materuni ikiwa punje zilizokaangwa, kwa sababu iliyosagwa hupoteza harufu ndani ya muda mfupi. Wifi alichukua kilo mbili, moja yake na nyingine ya mzee anayeuza kahawa ya dele barazani mtaani kwao, ambaye wifi alitaka kumpa nafasi ya kuonja arabika ya mlimani kabla hajaijaza tangawizi.